Funueni Turubai Kabla Trekta Halijapita

Kina mama wenzangu mnaolima alizeti, nawaandikia haya. Someni, halafu wasomeeni na wanaume wenu.

Sisi huku Iguguno siku hizi tunapura kwa trekta. Vichwa vya alizeti vikikauka tunavitandaza juu ya turubai, tunavifunika na turubai lingine ili mbegu zisiruke, kisha trekta linapita juu yake, linakwenda na kurudi mpaka zipukutike. Kazi ya fimbo ya siku nzima inakwisha kabla maharage hayajaiva. Ndiyo maana tunaipenda.

Ilikuwa mwezi wa sita, na ule upepo wetu wa baridi unaoingia mpaka kwenye meno. Trekta la Miraji lilikuwa limeshamaliza upande mmoja. Mimi napepeta, lakini moyo haupo kwenye ungo. Tangu nilipomzika mtoto wangu wa kwanza nimekuwa mtu wa hofu. Mtoto akikawia kidogo tu, kifua kinabana kama nimefungwa kamba. Na Jesca wangu, wa miaka minne, nilikuwa sijamwona muda.

"Jesca! We Jesca!"

"Kaenda bombani na Yasinta," akasema shemeji yangu Alphonce, wala hakuinua kichwa. Yasinta ni binti wa jirani.

"Umemwona akienda?"

"Shemeji, wewe hata kivuli cha mtoto unataka kikuage!"

Watu wakacheka. Miraji naye akapaza sauti kutoka juu ya trekta, "Mfunge njuga kama mbuzi, Mama Jesca, sote tupumzike!"

Nikacheka nao kwa aibu. Nikainama kwenye ungo wangu, nikaendelea kupepeta.

Mara kengele ya kigangoni, kanisa letu dogo la hapa kijijini, ikagongwa, ile rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Saa sita mchana. Mama mkwe wangu, Bibi Cecilia, akaweka chini fimbo aliyokuwa akipigia vichwa vilivyobakiza mbegu. Yeye saa sita haimpiti hata awe katikati ya mtaro. Mimi alinifundisha siku aliyonikuta jikoni nimekaa chini, pumzi haishuki. Aliniambia, "Mwanangu, hofu haikimbiwi, itakufuata hadi kisimani. Simama, mkabidhi Mungu, ndipo uendelee na kazi." Tangu hapo mchana nasimama naye.

Miraji alikuwa amegeuza trekta, linatazama upande uliobaki.

"Zima, tusali," mama mkwe akamwambia.

"Shikamoo bibi. Nimalizie huku tu, sasa hivi. Halafu mashine haina dini, bibi yangu."

"Marahaba. Haina dini, lakini ina funguo. Zima."

Miraji ni Mwislamu, tena mtu wa heshima. Akacheka, akazima.

Pakawa kimya. Mama akaanza sala ya Malaika wa Bwana, sisi tunaitikia. Mwanzoni moyo wangu ulikuwa unapiga vilevile. Nikafumba macho, nikasema kimoyomoyo, "Bwana, nimechoka kumshika huyu mtoto kwa hofu. Mshike wewe." Nikarudia. Nikarudia tena. Mabega yakashuka, ile kamba kifuani ikalegea, pumzi ikaingia mpaka chini. Nikatulia. Kweli kabisa, nikatulia.

Na nilipotulia nikasikia kikohozi.

Kidogo, kikavu. Kilitoka chini ya turubai.

Hakuna mwingine aliyesikia. Kwa nilivyo siku zote ningepiga yowe na kuanguka. Siku hiyo miguu ilinipeleka. Nikapita mbele ya tairi, nikashika pembe ya turubai, nikafunua.

Jesca amejikunja katikati ya vichwa vya alizeti, shavuni zimemgandia mbegu, anatoka usingizini. Tairi lingemfikia kabla Miraji hajabadilisha gia.

"Mama, funika," akasema. "Baridi."

Miraji aliteremka, akakaa mavumbini ameziba mdomo kwa kofia. Alphonce anasema tu, "Nilimwona na mtoto. Yasinta nilimwona na mtoto." Kumbe Yasinta alikuwa na mdogo wake mwenyewe. Mimi nimemkumbatia wangu, nambandua mbegu shavuni. Bibi Cecilia peke yake ndiye aliyeendelea na sala, maneno yanakatika, mpaka mwisho. Tukaitikia Amina, na Miraji akaitikia.

Sasa sikieni. Jua likipiga turubai, chini yake panakuwa na joto, na mtoto anayekimbia upepo atapaona kabla yako. Usiite tu ukaridhika na jibu la mtu. Funua lote, pembe hadi pembe, ndipo dereva awashe. Nanyi mnaomcheka mama mwenye hofu, mwacheni atafute mtoto wake. Na wewe mama mwenye hofu kama mimi, usingoje kupiga magoti usiku. Simama mchana, hapohapo kazini, umwambie Mungu. Mimi moyo wangu ulikuwa unapiga kelele kuliko lile trekta. Usingetulia, nisingesikia kitu.

Upande ule uliobaki haukupitiwa na trekta. Miraji alikataa kulipanda tena. Tulikaa chini wote, yeye na Alphonce wakiwemo, tukapukuchua kwa mikono, kichwa kimoja kimoja, hadi jua likainama. Jesca nilikuwa nimemfunga mgongoni kwa kanga, mkubwa vile, miguu inaning'inia. Hakuna aliyenitania.