Oksijeni Moja Imepotea

Marisela Hruska hakuwa mjinga, na asitokee mtu wa kusema hivyo mbele ya bibi yake. Tatizo lake lilikuwa huruma. Mlinganyo wa kikemia ukigoma kusawazika, hakuwa na moyo wa kuusumbua kwa hesabu ndefu. Alikishika tu kile kinamba kidogo kinachokaa chini ya herufi, akakibadilisha, mambo yakaisha. Ndivyo alivyofanya kwenye mtihani uliopita. Aliunguza hidrojeni ndani ya oksijeni ili apate maji, akaona maji yake yamepungukiwa oksijeni moja, na badala ya kuandika mbili mbele yake, akaichomekea oksijeni ya pili humo humo ndani. Pande zote mbili zikawa sawa, naye akatoka darasani akitabasamu.

"Haya si maji, mama," Mwalimu Kubena alimwambia siku ya kurudisha karatasi, darasa zima likisikiliza. "Hii ni dawa ya kubadilishia nywele rangi. Unataka mwalimu wako anywe hii? Basi niite kwanza wanangu niwaage."

Darasa lilicheka mpaka wengine wakalala juu ya meza. Marisela naye alicheka, kwa sababu mzee Kubena hakuwa na ubaya. Alicheka mpaka alipoiona alama ya kufeli, na hapo kicheko kikamkauka.

Huko Texas sheria ya jambo hilo haina mjadala. Ukifeli somo moja, Ijumaa huchezi mpira wala hupulizi kitu kwenye bendi ya shule. Na Ijumaa hiyo ilikuwa mechi ya mwisho nyumbani, katika mwaka wake wa mwisho shuleni, na wakati wa mapumziko bendi nzima ilikuwa inyamaze ili tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, iimbe peke yake. Tuba ilikuwa moja, na mtu wa kuibeba na kuipuliza bila kuanguka alikuwa Marisela. Wimbo huo aliufanyia mazoezi tangu kiangazi, majirani wakimvumilia kwa kuuma meno. Aliutaka usiku ule kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

Mwalimu alimpa nafasi moja ya kurudia, Ijumaa hiyo hiyo, masomo yakiisha. Alama zilikuwa zinafungwa saa kumi.

Alipoingia maabara alimkuta Tavo Zamarripa, mwenzake wa meza moja na mpiga ngoma wa bendi, ameshakaa nyuma kama mgeni rasmi. Alikuwa ameruhusiwa kukaa kwa sharti la kufunga mdomo.

"Nimekuja kuaga tuba," alinong'ona Tavo. "Bila wewe leo tutasikika kama mbu kwenye chupa."

"Zamarripa!" aliguta Mwalimu.

"Nimefunga, Mwalimu. Huu hapa, umefungwa."

Mtihani wa Kubena haukuishia kwenye karatasi. Mwanafunzi huandika mlinganyo wake, kisha hupewa mfuko wa pipi laini na vijiti vya meno: nyeusi ni kaboni, nyeupe ni hidrojeni, nyekundu ni oksijeni. Unaunda upande wa kushoto, unaubomoa, na kwa pipi zile zile unaunda upande wa kulia. Pipi za mfuko zinatosha kamili, hazizidi wala hazipungui. Ikibaki moja au ikikosekana moja, umekosea. Na sheria ya maabara iliandikwa ukutani kwa herufi kubwa: humu hakuna kula.

"Propani," alisema Mwalimu, akiweka mfuko mezani. "Gesi ya kuchomea nyama, hata babu yako anaijua. Iunguze, nipe hewa ya kaboni na maji. Maji ya kunywa, tafadhali."

Marisela aliinamia karatasi. Propani ina kaboni tatu, basi hewa ya kaboni iwe tatu. Ina hidrojeni nane, na maji hubeba mbili mbili, basi maji yawe manne. Vinamba vya chini vilimkonyeza. Aliviacha. Akahesabu oksijeni za kulia: sita ndani ya hewa, nne ndani ya maji, jumla kumi. Oksijeni husafiri wawili wawili, basi kushoto aandike tano mbele yake. Aliandika tano, akarudia hesabu kutoka mwisho kwenda mwanzo, ikakubali. Moyo wake ukaanza kupiga tuba.

Akamwaga pipi. Nyeusi tatu zikakaa, nyeupe nane zikazizunguka. Nyekundu alizichoma mbili mbili, jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Jozi ya tano ilikuwa na mtu mmoja.

Alitikisa mfuko. Aliugeuza nje ndani. Aliinama chini ya meza akapapasa sakafu, akaambulia chingamu ya zamani.

"Vipi huko chini?" aliuliza Mwalimu. "Umehamia?"

Marisela alirudi kitini akiwa na jasho. Mfuko ulikuwa unamwambia amekosea. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa kumi, na kifutio kilikuwa karibu na mkono wake. Angeweza kufuta molekuli moja ya maji, akaiacha hidrojeni ya kulia itembee bila oksijeni na oksijeni moja ya kushoto ikae bila mwenzake, na pipi zote zingepata pa kukaa. Ilikuwa rahisi mno. Alikigusa kifutio. Akahesabu tena, kumi. Mara ya tatu, kumi. Ikamuuma kwamba kwa mara ya kwanza amepata, na hakuna anayejua ila yeye.

"Mwalimu," alisema, "mlinganyo wangu uko sawa. Mfuko wako ndio wenye kosa."

Hata Tavo alikaa vizuri.

"Mfuko nimeuhesabu kwa mkono wangu," alisema Kubena.

"Sikatai. Lakini wewe ndiye uliyetufundisha kwamba atomu haipotei. Inahama tu. Basi hii imehamia mahali." Akageuka nyuma. "Tavo, toa ulimi."

"Mimi tena? Haki ya Mungu, Mari, mimi ni msindikizaji tu!"

"Toa ulimi!"

Tavo akautoa. Ulikuwa wa kijani kama jani la mnanaa.

"Klorini," alikiri. "Ile pipi ya kijani. Nimeikuta kwenye kabati. Lakini propani yako sijaigusa."

Chumbani mle walibaki watu wawili wa kushukiwa, na mmoja alikuwa yeye mwenyewe. Marisela alimgeukia mzee Kubena polepole. Alikuwa anataka kulia na kucheka pamoja.

"Mwalimu," alisema kwa adabu yote aliyolelewa nayo, "samahani sana. Naomba ulimi."

Mzee alikohoa, akazipangusa sharubu zake nyeupe. Akaangalia dari, akaangalia sheria aliyoiandika mwenyewe ukutani. Kisha akautoa. Ulikuwa mwekundu mpaka kwenye shina.

Tavo alianguka kutoka kwenye kiti.

"Nilikuwa nakupima," alisema Kubena.

"Kweli, Mwalimu?"

"Hapana. Sikula mchana." Alifungua droo, akatoa pipi nyekundu, akaiweka mbele ya Marisela. "Na kama ningekataa kuutoa?"

"Ningekaa hapa hapa."

"Hata saa kumi ikipita? Hata mechi ikianza bila wewe?"

Marisela aliitazama karatasi yake. Jibu lilimtoka kabla hajalipima, na lilimshangaza mwenyewe.

"Hata ikianza. Ni kumi, Mwalimu. Siwezi kusema ni tisa."

Mzee safari hii hakutania. Aliivuta ile karatasi, akaandika alama kamili, akamrudishia.

"Basi kimbia," alisema. "Tuba haijipulizi."