Mistari Miwili Chini ya Neno

Mwalimu Joash alipohamishwa kutoka Migori kwenda Mbita, alimwachia Bhoke sharti moja: kila wiki atume daftari lake la Kiingereza, na siku atakayopata kumi juu ya kumi, masomo yatakuwa yamekwisha. Bhoke, mjane mshonaji wa sare za shule, alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne alioukosa usichanani. Aliitikia kwa kichwa. Moyoni alilia.

Kazi ilikuwa kutenga vivumishi na vielezi: mstari mmoja chini ya kivumishi, miwili chini ya kielezi. Hayo alikwisha kuyajua tangu siku zile mwalimu alipokuwa akija kumfundisha pale anaposhonea, akikalia kiti cha wateja. Lakini nani humchinja kuku anayemtagia? Kila wiki alikosea mawili makusudi. Jirani yake Gesare, aliyefuata omena, wale dagaa wa ziwani, huko Mbita kila Alhamisi, alilipeleka daftari na kulirudisha limejaa wino mwekundu, naye Bhoke akapitisha kidole juu ya kila neno. Alimtamani yule mtu, na hakuna haja ya kulificha hilo.

"Wewe Bhoke, hii Kiingereza yako haiishi?" Gesare alimtania. "Ama ni mwalimu ndiye haiishi?"

"Peleka tu, mama. Kichwa yangu ni ngumu."

Juma la kufungua shule, sare zikiwa zimerundikana hadi mlangoni na wateja wakimfokea, Bhoke alijaza zoezi haraka haraka, Gesare akalinyakua daftari akaenda zake. Ndipo Bhoke alipokumbuka: hakukosea hata moja. Siku tatu alishona hadi usiku wa manane. Kila alipoinua macho alikiona kile kiti, kitupu.

Daftari likarudi. Vema tisa. Kwenye sentensi ya kumi, alipotia mistari miwili chini ya neno "quietly", palikuwa na alama kubwa ya kosa, na kando yake: "Rudia. Ulete tena."

Alifungua ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa mfano. Mwandiko wa mwalimu mwenyewe, neno lilo hilo, mistari miwili.

Alicheka hadi machozi yakadondokea kaptura ya mtoto wa watu. Kumbe hakuwa mwongo peke yake.

"Gesare," aliita, "Alhamisi hii wewe pumzika. Hiyo omena nitakuletea mimi."