Taa za Kiema Darajani

Tangu afiwe na mumewe Kiema, Kalunde alikuwa na neno moja tu la kumfariji, na neno hilo alipewa na kaka yake Mulei siku ya mazishi: Kiema alizima taa. Kila Mulei alipofika kuwatazama wapwa wake, dada yake alimletea kiti, akamletea uji, akakaa karibu naye na kusema, "Hebu niambie tena vile alizima." Naye Mulei alimwambia tena, polepole, wala hakuchoka, maana neno lenyewe lilimfariji yeye pia.

Daraja lenyewe liko bondeni, kwenye barabara ya Kwa Vonza, na aliyelijenga sijui alidhani magari ni baiskeli, kwa sababu mawili hayapishani pale hata yakivuta tumbo. Basi madereva wakajitungia sheria yao. Giza likiingia, mwenye haraka anapiga fuli, zile taa za mbali, mara moja akiwa bado juu ya mteremko. Yule wa ng'ambo akikubali, anasimama, anazima taa zote, za mbali na za karibu, anakaa gizani mpaka mwenzake apite na kumpigia honi ya asante. Kuzimiana taa kulikuwa heshima. Watu wasiosalimiana sokoni hawakuzimiana darajani, na barabara nzima ilijua nani hamzimii nani.

Kiema hakuwa amemzimia Mulei taa kwa miaka miwili.

Zamani walikuwa chanda na pete. Mulei ndiye aliyemtembeza Kiema nyumbani kwao hadi akamwoa Kalunde. Kisha mama yake Kiema akafariki wiki ile ile Mulei alipokuwa amemwahidi Gabow, mfanyabiashara wa mifugo, kumpelekea mbuzi Emali. Mulei akajidanganya kwamba angeenda na kurudi kabla ya mazishi. Wakati wa kurudi, lori lake likamharibikia karibu na Wote. Alipofika nyumbani kwa shemeji yake, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na waombolezaji wanakunywa chai. Kiema alimtazama toka kichwani hadi viatuni, akamwuliza, "Mbuzi walifika salama?" Hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho kati yao.

Baada ya hapo Kiema akaenda Nairobi kununua taa. Zilikuwa taa za gari la mashindano, pana kama sahani za pilau, na alimpelekea Nzuki, fundi wa umeme wa magari pale Kwa Vonza, azifunge mbele ya Peugeot yake. Kila mtu alijua zilinunuliwa kwa ajili ya nani. Wakikutana darajani, Kiema alizimwaga zote usoni mwa Mulei hadi Mulei akafunika macho kwa mkono na kurudisha lori nyuma, mlimani, na mzigo mgongoni. Mulei alirudi kila mara bila kunung'unika. Kosa lilikuwa lake na alilijua.

Halafu ikaja jioni moja ya Oktoba. Mulei alifika juu ya mteremko, akauona ule mwanga mweupe ng'ambo ya bonde. Alipiga fuli kwa mazoea tu, mkono wake tayari uko kwenye gia ya kurudi nyuma. Mwanga ukazimika. Mkubwa, mdogo, wote. Mulei alikaa hapo akiukodolea macho ule weusi, kisha akaanza kulia, mwanamume mzima mwenye mvi za masharubu. "Amenisamehe," aliliambia lori, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Akateremka akipiga honi njia nzima kama gari la arusi. Alikuwa katikati ya daraja Peugeot ilipochomoka gizani na kuingia chini ya lori lake.

Polisi waliandika ajali wakaenda zao. Ni mbai, ukoo wa Kiema, ndio ambao haukuridhika. Ndululu, amu wa marehemu, alikuwa na hoja fupi na ngumu: anayezima taa husimama; Kiema hakusimama; basi hakuzima. Kwa hivyo Mulei ni mwongo, aliingia darajani kwa ubabe na kumwua mume wa dada yake. Kikao kikapangwa nyumbani kwa marehemu siku ya Jumamosi.

Kalunde alikuwa na jibu lake. Mume wake alizima, akataka kusimama, breki zikakataa. "Lete fundi aziangalie," alimwambia Mulei. "Akisema ni breki, watanyamaza."

Mulei akamleta Nzuki siku ya Jumanne, Kalunde akiwa ameenda mtoni. Peugeot ilikuwa nyuma ya ghala la Kalunde, pua imerudi ndani. Nzuki alilala chini yake, akatoka na vumbi kwenye nywele.

"Breki iko sawa," alisema. "Mafuta ya breki imejaa. Hii gari ingesimama."

Hakumtazama Mulei. Alichukua bisibisi, akafungua kifuniko cha usukani na kutoa swichi ya taa. Aliigeuza mkononi kwa muda mrefu. Plastiki ilikuwa imeyeyuka na kujikunja, waya mmoja unaning'inia.

"Wakati alileta hizi taa sikuwa na rilei," Nzuki alisema. "Ile kidude inabeba moto ya taa kubwa, ndio swichi isibebe. Nikamwambia angoje niletewe. Akakataa. Akasema wewe utapita hiyo jioni, na anataka zikuwe zimewaka. Nikamfungia moja kwa moja kwa swichi, nikamwambia arudi nimalize kazi. Kila nikimwuliza, anasema kesho."

"Sasa unasema nini, fundi?"

"Nasema swichi iliungua, ikakata taa yote. Akabaki haoni kitu na gari inateremka." Akamwonyesha kwa kidole. "Ona hapa. Imeshikana ikiwa kwa fuli. Hakuna mtu alizima."

Mulei akajishika kwenye mlango wa gari. Tangu Oktoba alikuwa akiishi kwa msamaha ule. Alikuwa akiamka nao na kulala nao, amemlilia Kiema kama mtu aliyepatana naye, kumbe alisamehewa na waya. Kiema alikufa akimmulika usoni, amekasirika vile vile.

"Usimwambie Kalunde," alisema.

"Na Jumamosi?"

"Sema ni breki."

"Hiyo siwezi. Sitasema uongo juu ya mtu amekufa." Nzuki aliifunga swichi katika kitambaa na kuitia mfukoni. "Lakini nisipoulizwa, nitanyamaza."

Mulei alipiga moyo konde. Siku zote zilizobaki alijiambia kuwa angekubali lawama yoyote, aitwe mwongo, aitwe chochote, mradi dada yake abaki na neno lake. Na Jumamosi alianza vizuri. Ndululu alimsema, akainamisha kichwa. Ndululu akamwuliza kama bado anadai taa zilizimwa, akajibu ndiyo. Watu wakaguna. Kisha mzee akawanyoshea fimbo wana wa Mulei, waliokuwa wamekaa na binamu zao ukutani.

"Na hawa watoto wa muuaji wasikanyage hapa tena."

Kijana mkubwa wa Mulei aliinuka kuondoka, uso umemshuka. Mulei alimwona, na ushujaa wote aliojiwekea akiba ukamwishia palepale.

"Nzuki," alisema, "waambie."

Nzuki akawaambia. Swichi ilipita mkono kwa mkono, wazee wakaitazama kwa karibu, wakaielewa. Ndululu alikuwa mkali lakini hakuwa mtu mbaya. Alisimama, akampa Mulei mkono mbele ya watu wote, akamwita kijana arudi akae. Kikao kikapumua. Mtu akaanza hata kucheka kidogo.

Swichi ilimfikia Kalunde mwisho. Aliishika kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo hakuzima," alisema.

Akamgeukia kaka yake.

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

Kalunde alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei ya kitu. Machozi hayakumtoka. Mulei alitamani yamtoke.

"Ungenyamaza tu, Mulei," alisema kwa sauti ya chini. "Wote wangekuita mwongo. Mimi ningekuamini."

Akaiweka swichi juu ya kiti chake na kwenda kuwamiminia wageni chai.