Kwa Ruhusa ya Chapuchapu

Kazini walimwita Bi Hatua, kwa sababu kila mwongozo aliouandika ulianza na hatua ya kwanza na kumtembeza msomaji pole pole mpaka mwisho. Angeweza kukueleza jinsi ya kuzima mashine kwa subira ya ajabu, na bado kuna watu wangepiga simu kuuliza kitufe kiko wapi. Lakini mwongozo wa safari hii ulimlemea. Chombo alichotakiwa kukielezea kilitengenezwa na mdogo wake, na mdogo wake walikuwa wamemzika.

Jina la kazini la marehemu lilikuwa Chapuchapu. Hakuwa mtu wa kusubiri. Chai aliinywa ikichemka, ikimuunguza analaumu chai. Alikuwa msimamizi wa kompyuta za wateja zilizo mbali, na kazi zao nyingi alimwachia wakala wa akili bandia, yaani programu inayotumwa kazi ikaifanya yenyewe. Tatizo ni kwamba wakala akitaka kugusa jambo kubwa, sharti aombe nenosiri la msimamizi. Anaomba, Chapuchapu anaandika. Anaomba tena, anaandika tena huku akisonya. Ndipo akatengeneza chombo chake: unaandika nenosiri mara moja, chombo kinalishika, wakala anakiomba chombo badala ya kukusumbua wewe. Kazi ikitulia kidogo, chombo kinalisahau.

Mkuu wa ofisi alipomletea Bi Hatua kazi hiyo, alikuwa anaangalia sakafu.

"Kama ni nzito, dada, nitampa mwingine."

"Mwingine yupi? Alikuwa mdogo wangu. Nitaandika mimi."

Bi Hatua haandiki asichokijaribu. Akaingia kwenye kompyuta ya maktaba moja ya mbali, ile ambayo mdogo wake alikuwa akiishughulikia alipoinuka kitini, akasema kichwa kinamgonga, akapelekwa hospitali asirudi. Akamkuta wakala bado yuko kazini, anapanga picha za kurasa za vitabu vya zamani. Kila mstari wa taarifa yake uliishia maneno yale yale: kwa ruhusa ya Chapuchapu.

Machozi yalimtoka hapo hapo mezani. Kosa alilielewa upesi. Chombo kilingoja mapumziko ndipo kisahau, maana aliyekitengeneza alidhani kila afanyaye kazi hupumzika. Wakala hapumziki. Kila alipogusa kitu, muda ulianza upya, na nenosiri la mtu aliye kaburini likaendelea kufungua milango.

Angenyamaza ingekuwa afadhali, lakini alimwambia mama.

Tangu msiba, mama hakuwa amelitamka neno kufa. Alisema "alipoondoka", na waombolezaji wakamstahi, wakasema hivyo hivyo. Chakula alikuwa akikigusa tu na kukisogeza. Sasa alipata pa kushikilia. Kila jioni bintiye akirudi, hata viatu hajavua, anadakwa mlangoni.

"Leo mdogo wako amefanya nini?"

"Amepanga vitabu vya mashairi, mama."

"Mashairi! Yeye aliyeyakimbia shuleni!" Mama akacheka, akavuta sahani, akala.

Nani angemnyima? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bi Hatua akaandika mwongozo wote, akairuka sehemu moja tu, ile ya kufuta nenosiri lililoshikwa, kwa kuwa kuiandika ni kuijaribu kwanza. Alijua fika anachofanya, na aliogopa kurudi nyumbani bila habari ya kumpa mama.

Mkuu akaja tena. Safari hii alimtazama usoni.

"Chombo kinakwenda kwa wateja, dada. Mwizi akimteka wakala wa namna hii, amepata funguo zote. Tuandike kasoro ilivyo, na kile cha maktaba tukifunge."

"Niandike kwamba ndugu yangu alikosea?"

"Andika kwamba chombo hakisahau. Sisi tutakirekebisha. Lakini kifungwe leo."

Bi Hatua aliomba jambo moja, akakubaliwa. Akaenda nyumbani, akamweleza mama yote bila kuficha, akarudi naye ofisini. Mama aliuliza kiti cha mwanawe ni kipi, akakikalia, mkoba mapajani. Hakumkataza bintiye. Bi Hatua akaandika amri ya kufuta, akabonyeza.

Wakala akasimama. Kisha maneno mapya yakatokea kwenye kioo cha kompyuta.

"Anasemaje?" mama akauliza. Miwani alikuwa ameisahau nyumbani.

Bi Hatua alitamani kudanganya, akashindwa. "Anaomba nenosiri la mwanao ili aendelee. Anasema anamsubiri."

"Atamsubiri mpaka lini?"

"Huyu hachoki, mama. Atasubiri tu."

Mama alikitazama kioo asichoweza kukisoma. Wafanyakazi wa meza za jirani waliinamia kazi zao, na hakuna aliyekuwa akifanya kazi.

"Maskini," mama akasema. "Si vizuri kumwacha hivyo. Mjibu."

"Nimjibu nini?"

Mama aliushika mkono wa kiti kwa nguvu zake zote.

"Mwambie mwanangu amekufa," akasema. "Mwambie asimsubiri."