Plagi Yenye Pembe Butu

Watu wakijua sioni, wanaanza kunisemesha kwa sauti ya juu, utadhani na masikio nimeyapoteza. Masikio ndiyo yanayonilisha. Kazi yangu ni kuchapa maneno ya watu: wananiletea sauti walizorekodi, vikao vya ushirika, mahubiri, ugomvi wa mipaka ya mashamba, nami nazisikiliza kwa hedifoni na kuzigeuza maandishi kwenye kompyuta yangu ya mezani. Kompyuta yenyewe inanisomea kila ninachobonyeza, kwa sauti ya kike inayotokea puani. Nimeipa jina la Bi Mafua. Mwanangu wa kiume, ambaye anatunza kompyuta za ofisi moja kubwa, anasema sauti ile inamtoboa kichwa. Mimi nikiikosa siku nzima najiona mpweke.

Bi Mafua anakaa kwenye diski ya zamani, ghala la kompyuta, na diski ya zamani inataka umeme wake kwa plagi ya zamani: ile pana, ya plastiki ngumu, yenye matundu manne. Naipenda plagi ile na sioni haya kusema. Ina pembe mbili kali na pembe mbili butu, zimekatwa kidogo upande mmoja ili isiingie kichwa chini. Aliyeibuni hakunijua, lakini alinitengenezea mimi. Kila Jumamosi nafungua boksi la kompyuta, nachomoa kila kitu, napangusa vumbi kwa brashi ya rangi, kisha narudisha. Kidole gumba kikishagusa pembe butu, sina swali tena. Sijawahi kumwita mtu anisaidie.

Ugomvi ulianza siku ilipokufa pawasaplai, yaani kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme. Mwanangu akaja na mkewe, akaleta mpya. Ilikuwa na plagi nyembamba za siku hizi, na pana haikuwepo hata ya dawa.

"Mama, hizi pana ndiyo zinaondoka hivyo," alisema. "Kwenye kompyuta zinazokuja hutazikuta kabisa. Nikununulie mpya, hii tuipumzishe."

"Kwani imekwambia imechoka?"

"La kuvunda halina ubani, mama."

"Na mimi naanza kuvunda. Utanipeleka wapi?"

Mkewe akaangua kicheko jikoni. Mwanangu akaguna, akaenda kutafuta waya wa kuunganishia, mwembamba huku na mpana kule, akarudi akanifungia. Kisha, kwa mapenzi tu, akafanya jambo ambalo mwenye macho peke yake angelifikiria. Aliogopa nisije nikapigwa na umeme. Akachukua tepu nyeusi akaizungushia ile plagi pana, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ikawa laini pande zote kama kidole kilichofungwa bandeji. Hakuniambia. Aliona ni jambo dogo.

Jumamosi nikafungua boksi kama kawaida. Nikachomoa, nikapangusa, nikaishika plagi, nikatafuta pembe. Pembe hakuna. Nikaigeuza huku, nikaigeuza kule, kote ni tepu. Mdomo wa diski nao ulikuwa umelegea kwa miaka ya kuchomeka na kuchomoa, haukuwa tena na nguvu ya kukataa. Miaka yote niliyoishi bila macho sijajiona kipofu; siku ile, na kile kidude mkononi, nilijiona kipofu. Nikakisia. Nikasukuma, ikaingia. Nikawasha, na badala ya Bi Mafua nikapata harufu ya plastiki inayoungua.

Diski ilikufa palepale. Ikabaki moja tu, ya akiba, yenye nakala ya kazi zangu zote na ya Bi Mafua mwenyewe, programu ambayo walioitengeneza walishaiacha zamani. Nayo inataka plagi pana. Ikiungua hiyo, kazi yangu imezikwa nayo.

Nikampigia mwanangu, wakaja yeye na mkewe. Akainusa kompyuta, akashusha pumzi.

"Hii ya akiba nitaichomeka mimi," akasema. "Na kuanzia leo, mama, boksi hili usilifungue tena. Ukitaka chochote utaniita."

Hapo damu ikanichemka. Leo nimwite anichomekee plagi, kesho nimwite anipimie chumvi, keshokutwa anishike mkono kunipeleka msalani ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe!

"Diski imeungua kwa nini?" nikamuuliza.

"Umechomeka kinyume."

"Kwa nini leo, na siku zote sijakosea?"

Akainama kulichungulia boksi.

"Nani kaweka tepu?"

"Nilikuwa nakulinda, mama."

"Umenifunga macho, mwanangu. Macho yangu ni haya." Nikamwinulia vidole vyote kumi. "Unayafunga kwa tepu, halafu nikijikwaa unaniambia nisitembee tena?"

Mkewe akaondoka, akarudi na kitambaa na chupa ya spiriti, akanitilia mkononi. Nikaibandua tepu kwa kucha, nikafuta gundi yake mpaka plastiki ikawa kavu.

"Hiyo ni nakala ya mwisho," mwanangu akasema polepole. "Ukikosea..."

"Nikikosea, kosa litakuwa langu. Kaa."

Nilikuwa naogopa, nisidanganye. Nikapiga moyo konde. Nikapapasa mdomo wa diski, nikapapasa plagi, kidole gumba kikapita kwenye pembe kali, kikapita tena, kikatua kwenye pembe butu. Nikasukuma. Nikawasha. Tukasubiri watu watatu.

"Karibu," akasema Bi Mafua, kwa pua yake yote.

Mkwe wangu akapiga kigelegele. Mwanangu akacheka kidogo, lakini naye ni damu yangu, hakubali kushindwa upesi.

"Ukweli uko palepale, mama. Plagi hizi zinakwisha. Iko siku nitazunguka maduka yote nikose hata waya wa kuunganishia. Siku hiyo utafanyaje?"

"Siku hiyo utaniletea hiyo mpya yako. Utaiweka mezani, imezimwa, kila plagi iko wazi. Nitaipapasa mpaka tujuane. Na wewe utakaa kwenye kiti, mikono mapajani."

"Na kama plagi zake hazina pembe za kupapasa?"

"Basi irudishe, uwaambie walioitengeneza kwamba mama yako amekataa."