Hodi Mbele ya Ukuta wa Sidii

Fundi Calist alikuwa ameshalifunga begi lake kwa mpira nyuma ya bodaboda, mguu mmoja ameshaupandisha, aliposikia askari wa getini anamwita. Ilikuwa Ijumaa, saa saba na dakika kumi mchana. Basi la Manyoni lilikuwa linaondoka Singida Mjini saa nane.

"Fundi, usiondoke kwanza," Mazengo askari alisema. "Ile mashine yako inarudisha watu."

"Inarudisha namna gani?"

"Njoo uone. Mama, hebu ingia tena."

Mlangoni pa kampuni ya upimaji alisimama mama mmoja mtu mzima, Luciana, mkulima wa Issuna, na bahasha ya kaki mkononi. Akapiga hodi, akavuka kizingiti. Mara akawa amesimama nje ya geti, bahasha ile ile mkononi, akipangusa vumbi miguuni. Hakuanguka wala hakusukumwa na mtu.

"Hiyo ya sita," Mazengo alisema. "Na bado hajamfikia wa jana, aliyejaribu mpaka ndala zikakatika."

Calist alishusha mguu. Alikuwa mzee wa kutangatanga: umeme aliuokota kwa mapadri wa Kilimatinde, kompyuta aliisoma kwenye kitabu kilichokosa kurasa za mwanzo. Jumatatu ndiye aliyewawekea ukuta wa mtandao, maana wezi wa mtandaoni walishaingia mara mbili. Alichukua kompyuta kuukuu, akaitoa diski ya ndani, akachomeka waya mmoja wa kutoka nje na mmoja wa kwenda ofisini, akatia sidii yenye mfumo wa Linux aliyoichoma mwenyewe. Mashine ya namna hiyo huwaka kutoka kwenye sidii na haiandiki kitu popote. Ikizimika husahau yote. Ikiwaka huanza upya vile vile ilivyochomwa, na mwizi hana pa kuficha uchafu wake.

Ndani ya sidii kulikuwa na amri tatu. Wa ndani atoke na arudi apendavyo. Wa nje akiitwa na wa ndani, aingie. Mwingine yeyote asiingie, wala asijibiwe.

Hiyo ya kutojibiwa Calist hakuiona kuwa na neno. Alikokulia, hodi ya tatu isipoitikiwa mgeni huenda zake bila kinyongo, maana wenyeji hawapo. Hakufikiria nyumba ambayo wenyeji wapo.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mlango?"

"Mlango ni wao. Mimi nimeweka mashine tu."

"Basi iambie sikuja kuiba. Nimekuja kuibiwa, na hata hilo wanalifanya bila kunikaribisha."

Mazengo alicheka kidogo, akaacha. Luciana alieleza. Kampuni ilikuwa imepima mashamba ya Issuna, na ekari zake nane za uwele na alizeti zimeandikwa jina la shemeji yake. Pingamizi lilitakiwa kugongwa muhuri humo ndani kabla ya saa tisa alasiri, siku hiyo hiyo. Ikipita saa tisa, mipaka haiguswi tena.

Calist alivuka kizingiti akarekebishe. Akajikuta getini. Alishasaini kuondoka, kwa hiyo naye alikuwa mtu wa nje.

Ritha karani alikuwa anarudi na sambusa za bosi, akaingia bila shida. Calist alimwomba akifika ndani amwite, amwite na mama pia.

"Wewe nitakuita, nitasema umesahau koti," Ritha alisema. "Mama siwezi. Bosi amekataza kuita mtu wa Issuna. Nisamehe mama."

"Nimesikia, mwanangu," Luciana alisema.

Jina lake lilipoitwa dirishani, Calist aliingia kama kawaida. Ndani kulikuwa na utulivu wa kanisa siku ya Jumanne. Bosi Bonaventura alikuwa anakula.

"Bosi, watu wako nje."

"Sijamsikia mtu. Wewe unawasikia?"

Calist alitazama dirishani. Mdomo wa Luciana ulikuwa unasema hodi. Sauti haikufika.

"Inabidi nichome sidii nyingine, yenye amri ya kuwaruhusu," alisema.

"Sidii hiyo hiyo inatosha. Wiki nzima hatujapata pingamizi hata moja. Tangu nianze kazi sijaona watu walioridhika hivi. Chukua sambusa, uwahi basi lako."

Calist hakuchukua sambusa. Alipita stoo, akainama kwenye mashine, akaandika amri ya nne kwa mkono: Luciana wa Issuna aingie. Basi lilikuwa limeshaondoka.

Luciana alipiga hodi, na safari hii Ritha akasikia.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe mpo."

Ritha alisoma barua mpaka mwisho, akatazama mlango wa bosi, akagonga muhuri. Ilikuwa saa nane na dakika hamsini. Luciana alikuwa anapuliza wino ukauke pale umeme ulipokatika.

Ulirudi baada ya dakika moja. Kule stoo sidii ilizunguka, mashine ikawaka, ikaanza upya na amri zake tatu. Calist na Luciana walikuwa wamesimama nje ya geti. Luciana alifungua bahasha. Barua ilikuwa humo, lakini pale pa muhuri palikuwa peupe, hapana hata alama ya kidole.

Kule dirishani Ritha alikuwa anafunika kidau cha wino. Calist alimpungia mikono yote miwili. Hakugeuka.

Luciana alipiga hodi mara tatu.

"Ingekuwa kwetu ningesema hawapo, nikaenda zangu," alisema.

"Wapo, mama."

"Ndiyo maana siendi."

Alikaa mpaka saa kumi na moja, geti lilipofungwa.

Calist alipanda basi la Jumamosi. Anatengeneza redio Itigi. Ameiandikia kampuni barua mbili na hajajibiwa. Bonaventura alipewa cheti cha ofisi isiyo na malalamiko, akahamishiwa wilaya nyingine, akaondoka na nakala ya sidii. Ritha yupo pale pale. Mazengo aliacha kazi, anafuga mbuzi Mkalama. Shemeji aliuza ekari nane kwa mtu ambaye hajawahi kufika Issuna. Luciana anaishi kwa binti yake Kilimatinde, analima vibarua. Mumewe amezikwa ndani ya zile ekari nane, ambazo kwenye ramani sasa ni kiwanja namba kumi na tisa, na kiwanja hicho kimezungushiwa uzio.