Kivuli cha Chupa ya Asali

Mwaka wa 1996 nilikuwa nimejifunza kuweka kivuli kwenye picha kwa kompyuta, na nilijiona kweli kweli. Kila kilichopita mbele yangu kilipata kivuli: viatu, sufuria, hata jina la mchungaji kwenye kadi ya harusi.

Nilifanya kazi kwa Bwana Kinuthia, aliyekuwa na duka la kupiga chapa mjini Kitui. Alikuwa amenipa miezi mitatu ya majaribio, na ilikuwa imebaki wiki moja. Kama ningeshindwa, ningerudi Nunguni kwa kaka yangu, nikachague viazi na mke wake. Mke wa kaka yangu ni mtu mzuri sana akiwa mbali. Niliitaka ile kazi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nalisema hilo bila aibu.

Wiki hiyo wakaja akina mama wa kikundi cha kufuga nyuki. Walitaka lebo ya asali yao kabla ya maonyesho ya kilimo. Walituachia chupa moja, Kinuthia akaiweka juu ya meza yake. Mimi nikaipiga picha, nikaiingiza kwenye kompyuta, nikaikata na kuitoa pale mezani, nikaiweka mahali peupe. Ikawa inaelea tu hewani. Basi nikaipa kivuli cheusi, kizito, chenye kingo zilizofifia, vile mwalimu wetu wa Nairobi alivyotufundisha. Chuoni tulifanyia mazoezi kiatu na jiwe. Chupa ikasimama, nami nikajipigia makofi.

Jumanne wakarudi watatu. Mwenyekiti wao, mama Syokau, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Aliitazama karatasi niliyochapia lebo.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Asali yenu, mama."

"Hii si yetu. Hii ni sukari nguru imechemshwa na maji. Watu wakiona hii watasema sisi ni wezi."

Mwenzake, Mbula, akaongeza kwamba yeye anaona oil ya lori.

Nina ulimi, na siku hiyo ulinitangulia. Nikawaambia rangi nimeitoa kwenye chupa yao wenyewe, sikuongeza wala kupunguza, pengine shida iko kwa macho. Nilimwambia hivyo mtu wa umri wa nyanya yangu. Kinuthia aliwaomba radhi, akasema Ijumaa ikifika bila lebo nzuri atapeleka kazi Nairobi kwa mtu mwenye uzoefu. Alisema "mtu mwenye uzoefu" huku akiniangalia mimi.

Kesho yake niliingia mapema nikaanza kuhangaika. Niliongeza mwanga kwenye asali ikawa kama soda ya machungwa. Nikapunguza, ikarudi kuwa oil ya lori. Kivuli sikukigusa, maana kivuli ndicho nilichokijua. Ilipofika saa nne hivi nikasikia hatua mlangoni, kumbe ni mama Syokau, peke yake, na kiondo begani. Nilijua amekuja kunishtaki.

"Mama, jana nilikosa adabu," nikaanza.

"Ulikosa. Leta karatasi nyeupe."

Aliitandaza dirishani, jua lilipokuwa likiingia, akatoa chupa ya asali kwenye kiondo na kuiweka juu yake.

"Usiangalie chupa. Angalia hapo chini."

Nikaangalia. Kivuli kilikuwepo, ila hakikuwa cheusi. Kingo zake zilikuwa za kahawia hafifu, na katikati kulikuwa na mwanga wa rangi ya asali umelala juu ya karatasi, unang'aa kushinda chupa yenyewe. Niliingiza kidole kwenye mwanga huo, nacho kikageuka rangi. Nimekula asali tangu utotoni na sikuwa nimewahi kuuona ule mwanga.

"Huku kwetu mtu hanunui asali kabla hajaiweka kwa jua," akasema. "Jua ikipita, hiyo ni safi. Kivuli ikikaa kama ya jiwe, hiyo wamechanganya. Na wewe umetupatia kivuli ya jiwe."

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Sisi watu wa Nunguni ni wa viazi na sukuma wiki, nani angeniambia mambo hayo? Nikamuuliza kwa nini alijisumbua kurudi, baada ya nilivyomjibu.

"Nilikuona ukikunja ile karatasi tumekataa, ukaweka kwa mfuko. Hukutupa. Mtu akiweka kazi yake mbaya, anataka kujua imeharibika wapi. Na hata mimi nina mdomo, usifikiri ni wewe tu."

Alivuta kiti, tukafanya kazi hadi alasiri. Nilikitengeneza kivuli kwa tabaka: kwanza kahawia nyepesi, pana, kisha giza jembamba pale kitako kinapogusa meza, kisha juu yake ule mwanga. Kila badiliko kompyuta ililitafuna dakika kadhaa, tukingoja. Yeye hakuwahi kugusa kompyuta maishani, lakini macho yake hayakudanganyika. "Hapo chini ongeza giza, hapo ndipo imekalia." "Huo mwanga usifike mwisho." Nikatii kila neno, mimi niliyekuwa sisikii la mtu.

Ijumaa wale mama watatu walikuja. Mbula aliipeleka lebo mlangoni penye mwanga, akaitazama, akameza mate. Kinuthia akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu anifahamu.

"Ndinda, hii umefanya wewe?"

Kazi yangu ilikuwa ndani ya neno moja, ndiyo. Lakini Syokau alikuwa amesimama pale, na nisingeweza kumla mtu jasho lake machoni pake.

"Ni mama aliyenionyesha," nikasema. "Mimi sikuwa najua."

"Kumbe! Sasa niandike wewe ama niandike yeye?"

Nusu ilikuwa mzaha. Ile nusu nyingine haikuwa.

"Mimi nimemwonyesha chupa tu," Syokau akasema. "Hata wewe, Kinuthia, chupa yetu imekaa kwa meza yako wiki mzima. Umeona nini?"

Mbula alicheka hadi akashika mlango. Kinuthia alicheka wa mwisho, akaniambia Jumatatu nije na kitambulisho, aniandike kazi.

Nilitoka mbio nikawakuta akina mama wameshafika barabarani. Nilikuwa na maneno mengi ya shukrani, nimeyapanga vizuri, lakini yote yalinipotea. Nilimshika Syokau mikono yote miwili.

"Ni muvea, mwaitu," nikasema, asante mama, na machozi yakanitoka mbele ya watu.

"Haya, haya. Rudi kazini," akasema, bila kuiondoa mikono yake. "Nisije nikaambiwa nimekufutisha kazi siku ya kwanza."